Mkojo Hutangulia Damu

Aprili 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda iliagiza dawa moja ya maji ya kikohozi cha watoto iondolewe sokoni. Nigeria ilikuwa imeripoti kukuta ndani yake dayethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Vipimo vya Kenya baadaye havikuikuta, lakini mzazi anayenunua dawa Kabuga, pembezoni mwa Kigali, alikuwa na haki ya kuogopa: mwaka 2022 dawa za namna hiyo zilihusishwa na vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia.

Figo huumia kimyakimya. Kipimo tulichokizoea, kreatinini ya damu, mara nyingi hakipandi waziwazi mpaka karibu nusu ya uwezo wa kuchuja iwe imepotea. Kwa mgonjwa, huko ni kuchelewa. Ndiyo maana watafiti waligeukia mkojo wa panya.

Panya hupewa dawa inayojulikana kudhuru figo, kama sisplatini au gentamaisini, kisha hukaa kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, mkojo ukikingwa chini. Katika mkojo huo hutafutwa KIM-1, protini ambayo figo yenye afya karibu haina kabisa. Seli za mirija ya figo zikijeruhiwa huitengeneza kwa wingi, na kipande chake hukatika na kuingia kwenye mkojo. Albumini, protini ya damu, ikizidi kwenye mkojo, huenda vichujio vinavuja. Mkojo basi hudokeza hata mahali palipoumia. Baadaye figo yenyewe hukaguliwa kwa hadubini, kuona kama mkojo ulisema kweli.

Mwaka 2008 wadhibiti wa dawa wa Marekani na Ulaya walivikubali viashiria saba vya aina hii kwa majaribio ya panya. Mwaka 2018 Marekani ikakubali sita vitumike pamoja katika majaribio ya awali kwa watu.

Gentamaisini hiyohiyo huokoa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Hatuwezi kuiacha, tunachohitaji ni kujua mapema inapoanza kudhuru. Kigali, iliyochaguliwa mwaka 2022 kuwa makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika, ni mahali panapofaa kuanza kudai vipimo hivi katika maabara zetu.

Nawe mzazi, mtoto akiacha kukojoa au akikojoa kidogo mno baada ya kunywa dawa, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya, na chupa ya dawa uibebe.