Kumhurumia mbwa koko ni kuikinga afya yako

Katika miji yetu ni jambo la kawaida kuwaona mbwa wasio na mwenyewe wakizurura sokoni, kwenye vituo vya matatu na karibu na majaa ya takataka. Baadhi yao walitupwa na wenyewe walipohama, au walipozaliwa wengi kuliko walioweza kulishwa. Wapita njia huwapiga mawe, na wengine huwategea nyama yenye sumu wakiamini kwamba wanaukinga mtaa na kichaa cha mbwa.

Hofu hiyo ina sababu. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu anapoumwa, anapoparuzwa au jeraha lake linaporambwa. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Inakadiriwa kuwa hapa Kenya ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 kila mwaka. Wengi mno huambukizwa na mbwa.

Hata hivyo, kuwaua mbwa hakumalizi ugonjwa. Wakiangamizwa wa mtaa mmoja, wengine huja kushika nafasi yao kwa kuwa chakula bado kipo jaani, na huenda wageni hao hawajachanjwa. Tena sumu haichagui. Humuua hata mbwa aliyekwisha kuchanjwa, ambaye ndiye aliyekuwa ngao ya mtaa.

Kinga ya kweli ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ndiyo njia iliyowekwa katika mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka wa 2014, wenye lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030.

Basi mwenye mbwa amchanje kila mwaka, na kama hataki watoto wa mbwa, amwone daktari wa mifugo ili mbwa wake afungwe kizazi. Usimtupe mnyama uliyeshindwa kumtunza. Mtafutie mwenyewe mwingine, au uombe ushauri kwa mashirika yanayotetea wanyama, kama vile KSPCA lililoko Nairobi. Takataka nazo zizolewe. Kumbuka pia kwamba kumtesa mnyama ni kosa kisheria.

Huruma si kumshikashika kila mbwa. Ukimwona anayedondokwa na mate, anayeyumbayumba au anayeuma bila kuchokozwa, kaa mbali naye na umwarifu afisa wa mifugo wa kaunti.

Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo ili uanze chanjo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa, na usikatize sindano kwa sababu kidonda kimepona.

Zaidi ya yote, zungumza na watoto. Mtoto aliyeumwa akimrushia mbwa mawe huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, na siku anazonyamaza ndizo ambazo chanjo ingemwokoa. Mfundishe kutomchokoza mnyama, na umhakikishie kwamba akiumwa hataadhibiwa kwa kusema.