Asilimia ya Ufanano Haikusafishi

Kila msimu wa kukusanya tasnifu, wanafunzi hunijia na swali lile lile: "Dokta, Turnitin inaruhusu asilimia ngapi?" Swali lenyewe limekosewa. Programu hiyo hairuhusu wala haikatazi. Hulinganisha maandishi yako na yaliyomo katika hifadhi yake, ikaonyesha yanapofanana, basi. Anayeamua kwamba umeiba ni msomaji.

Tasnifu ya fasihi inaweza kutoa asilimia 25 na ikawa safi, kwa kuwa imenukuu beti inazozichambua na kutaja zilikotoka. Nyingine ikatoa asilimia 3 nayo ni wizi mtupu: mwenyewe ametafsiri makala ya Kiingereza aya kwa aya, na mwandishi hakumtaja popote. Ukomo uliowekwa na chuo ni kigezo cha kupokelea kazi tu. Kuwa chini yake hakukufanyi mwaminifu.

Imani kwamba asilimia ndogo inakusafisha ndiyo inayolisha biashara ya "kushusha asilimia" kwenye steshenari za jirani na vyuo. Dawa ya wafanyabiashara hao ni kubadilisha maneno. Tuseme chanzo kimeandika: "Wajerumani walijenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ili kusomba mazao ya bara kuyapeleka bandarini." Unarudishiwa: "Wadachi waliunda njia ya garimoshi ya kati, iliyowasili Kigoma mwaka 1914, kwa nia ya kubeba mavuno ya bara kuyafikisha bandarini." Sentensi imesimama vile vile, hoja ni ile ile, mwenye hoja hatajwi, na Kiswahili kimeharibika. Huo ni wizi, na mwanafunzi ameulipia. Wengine huchomeka herufi za Kirusi zinazofanana na zetu, au herufi nyeupe zisizoonekana. Turnitin ina alama za kutahadharisha juu ya hila hizo, na zikigundulika huwezi tena kujitetea kwamba ulipitiwa.

Na wizi hugundulika hata bila programu. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alivuliwa udaktari kwa wizi wa maandishi, kisha akajiuzulu. Jambo liliibuliwa na profesa wa sheria aliyekuwa akiisoma tasnifu yake ili aiandikie mapitio. Haikuwa programu iliyompa asilimia.

Sasa fanya hivi. Ukitaka kueleza kwa maneno yako, soma aya mpaka uielewe, funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua uhakiki. Utapata kitu kama: "Fulani (2010) anaona kwamba kilichowasukuma Wajerumani kufikisha reli Kigoma ni biashara ya mazao." Jina linabaki hata maneno yakibadilika yote, kwa sababu hoja ni yake. Mwaka 1914 ni jambo linalojulikana na wengi, hauhitaji chanzo. Ukitaka muhtasari, chukua hoja kuu, acha mifano, taja mwandishi. Nukuu pale tu maneno yenyewe yana uzito: shairi, kifungu cha sheria, kauli unayoipinga. Weka alama za kunukuu na ukurasa, usibadilishe hata nukta. Na tangu siku ya kwanza ya kusoma, andika chanzo pembeni ya kila dokezo, maana wizi mwingi huanzia kwenye daftari lisilo na majina.

Ndugu mwanafunzi, acha kuuliza asilimia. Pitia kila aya ujiulize: hoja hii ni ya nani, na je, nimemtaja?