Fahamu: Hofu ya Wekundu iliyoikumba Marekani 1919–1920

Ni kipindi ambacho serikali ya Marekani iliwasaka wakomunisti na waanakisti, yaani wanaopinga kuwapo kwa dola, ikihofia kwamba mapinduzi ya Urusi ya 1917 yangevuka bahari.

Ilianzaje?

Mwaka 1919 migomo ilitikisa nchi, ukiwamo wa Seattle. Juni 2, bomu lililipuka nyumbani kwa Mwanasheria Mkuu A. Mitchell Palmer, jijini Washington. Aliyelibeba alikufa papo hapo.

Nani waliumia?

Zaidi ni wahamiaji. Desemba 21, meli ya Buford iling'oa nanga New York na watu 249 waliofukuzwa nchini, akiwamo Emma Goldman, mmoja wa waanakisti, aliyeishi Marekani zaidi ya miaka 30. Januari 1920 maelfu wakakamatwa, wengi bila hati za kukamatwa.

Ilipoaje?

Louis Post wa Wizara ya Kazi alipitia majalada na kufuta amri nyingi za kuwafukuza watu, huku baadhi ya wabunge wakitaka ang'olewe. Ujasiri wake haujapewa heshima unayostahili. Palmer alitabiri uasi Mei Mosi 1920; siku ikapita kwa utulivu. Hofu ikiwa imepungua, Novemba msoshalisti Eugene Debs alipata kura zaidi ya 900,000 za urais akiwa gerezani.