Mzee Hasikii Kiu

Kila msimu wa korosho ukifika, maswali ya wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa yanafanana. Wenye nguvu wako shambani tangu alfajiri wakiokota, wengine wanalala hukohuko kibandani mpaka mzigo ufike chama cha msingi na kusubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika. Nyumbani amebaki bibi au babu na mjukuu wa darasa la pili. Siku moja wanarudi wanamkuta hawatambui. Anamwita binti yake kwa jina la dada aliyefariki zamani, anafukuza watu wasioonekana, usiku anataka afunguliwe mlango aende kwao. Mwingine akili yake ni nzima, ila ameanguka gizani akienda chooni na mguu haukanyagi tena. Mzee kapatwa na nini? Kabla swali halijanifikia, majirani wameshalijibu: jini, mkono wa mtu, au "ni uzee tu, mwacheni."

Hilo la tatu linaniudhi kuliko mengine, kwa sababu nalisikia hata kwa watu waliosoma. Uzee hauji kwa siku tatu. Mtu aliyekujua Jumapili na hakujui Jumatano ni mgonjwa, na mara nyingi ugonjwa wake unatibika ukiwahiwa.

Upo usahaulifu mwingine, wa polepole, ambao madaktari wanauita dimensia. Watafiti waliowapima wazee vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, waliukuta kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Huo unachukua miezi na miaka. Mzee wa Nachingwea mwenye dimensia anaweza kukusimulia vizuri kabisa treni ya reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, reli iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu asikumbuke kama asubuhi amekunywa chai. Lakini naye akibadilika ghafla, kuna jambo jipya limemwingia: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo kuziba, sukari kushuka, kiharusi, dawa mpya aliyoanzishwa wiki hii. Na nyuma ya mengi ya haya, ama kama chanzo ama kama kichocheo, lipo jambo ambalo familia hazilifikirii kwa sababu ni dogo mno machoni pao. Maji.

Oktoba na Novemba kule ni joto, mvua bado. Mwenye kuuza maji kwa ndoo anapita, na mzee wa kijijini anajibana ili ndoo iliyopo itoshe kupikia. Ukimuuliza, anasema hana kiu, na anasema kweli. Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kiu inatengenezwa kichwani. Damu ikianza kukolea chumvi kwa kupungukiwa maji, kuna seli katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ambazo zinapoteza maji na kusinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakopiga kengele. Kengele inakwenda njia mbili. Moja inakufanya utamani kunywa. Nyingine inaachia homoni ya vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji badala ya kuyatupa kwenye mkojo. Mtu anapozeeka, njia ya kwanza inafifia. Ya pili bado inapiga, pengine kwa nguvu kuliko ya kijana, lakini figo zilizochakaa haziitiki ipasavyo. Kwa hiyo mwili wa mzee unapoteza maji mengi zaidi na unaomba machache zaidi, kwa wakati mmoja.

Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio ambalo nalirudia kila ninapopata nafasi. Wanaume 7 wenye afya njema, wa miaka 67 hadi 75, na vijana 7 wa miaka 20 hadi 31, walikaa saa 24 bila maji. Vijana walihangaika kwa kiu na midomo kukauka. Wazee, ambao damu yao ilikuwa imekolea chumvi kuliko ya vijana, hawakulalamika sana, na maji yalipoletwa walikunywa kidogo kuliko vijana. Hawa walikuwa wazima. Mfikirie sasa bibi mwenye homa, aliyekaa barazani tangu asubuhi katika joto la Mbekenyera, Ruangwa.

Ghala lake lenyewe limepungua. Misuli ndiyo inayotunza maji mengi ya mwili, na misuli inayeyuka na umri. Kijana wa kiume ana maji karibu asilimia 60 ya uzito wake, mzee anakaribia 50. Pungufu ambalo kijana halihisi linatosha kumvuruga mzee akili, kumshusha presha na kumfungia choo.

Wapo wanaoniandikia kwamba wanampima kwa kumfinya ngozi ya mkono: ikirudi haraka, ana maji ya kutosha. Acheni. Ngozi ya uzeeni imepoteza unyumbufu wake, itakaa imesimama hata kama amekunywa mtungi mzima. Mwaka 2015 uchambuzi wa Cochrane ulioongozwa na Lee Hooper ulipitia dalili tunazozitegemea, zikiwemo mdomo mkavu, ngozi na rangi ya mkojo, na haukupata hata moja ambayo peke yake inaweza kuaminiwa kwa wazee. Maana yake ni kwamba usisubiri dalili. Maji ya mzee yanakwenda kwa ratiba, kama dawa.

Nataka nikae kidogo kwenye uongo unaoangusha wengi: kwamba mzee anyimwe maji mchana ili asiamke usiku kukojoa. Angalieni mkojo huo unatoka wapi. Mzee anayekaa kitini au kwenye mkeka siku nzima, maji yanashuka na kujikusanya kwenye vifundo vya miguu. Ndiyo maana jioni miguu imevimba. Akilala, miguu inakuwa sawa na moyo, yale maji yanarudi kwenye damu, na figo zinaanza kazi saa tano usiku. Juu ya hapo, ile vasopresini ambayo kwa kijana hupanda usiku ili alale bila kuamka, kwa wazee wengi haipandi tena. Kumnyima maji mchana hakugusi lolote kati ya hayo mawili. Kinachosaidia ni kumlaza alasiri miguu ikiwa juu ya mto kwa saa moja au mbili, maji yarudi na kutoka kabla ya usiku, na kumpa kinywaji kingi zaidi asubuhi na mchana kuliko baada ya magharibi. Miguu inayovimba pamoja na kuhema ni jambo la hospitali.

Msomaji wa Ruangwa aliuliza kama uraka nao haujazi maji, maana babu anaupenda msimu wa mabibo. Pombe inaizuia ileile vasopresini. Anakunywa, anakojoa, anabaki mkavu kuliko alivyoanza, kisha anasimama gizani.

Na kusimama kuna habari yake. Kila unapoinuka, zaidi ya nusu lita ya damu inashuka tumboni na miguuni. Vipokezi vya shinikizo kwenye mishipa ya shingo vinapaswa kuliona hilo mara moja na kubana mishipa. Kwa mzee vinachelewa, na kama maji ni pungufu, hakuna cha kubana. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, ubongo unakosa damu, macho yanaingia giza, anaanguka. Wakati huo huenda alikunywa dawa ya presha ya kukojoza jioni badala ya asubuhi. Nyonga ikivunjika, familia inatafuta aliyemroga. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, asubiri dakika mbili, kisha ashike kitu na kuinuka. Ndoo yenye mfuniko iwe karibu na kitanda, na taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Hakuna aibu katika ndoo.

Fedha za korosho zikiingia, wauza dawa wenye vipaza sauti nao wanaingia kwenye magulio. Dawa ya viungo, dawa ya mgongo, dawa moja ya maradhi arobaini. Sina subira na watu hawa. "Mitishamba" inayoondoa maumivu ya magoti usiku mmoja inanipa shaka badala ya furaha, kwa sababu katika nchi nyingi dawa za namna hii zikipimwa hukutwa zimechanganywa steroidi au diklofenaki. Diklofenaki, hata ile halali ya duka la dawa, inazuia kemikali zinazoiwekea figo mlango wazi wa damu wakati maji yamepungua. Mzee mkavu, anayetumia dawa ya presha na ya kukojoza, akiongezewa hiyo kwa siku chache, figo zinaweza kusimama. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kuanzia. Na Piritoni wanayompa "alale" inavuruga kumbukumbu na kufunga mkojo kwa wazee. Nimechoka kusikia ikielezwa kama dawa ya usingizi isiyo na madhara.

Ratiba yenyewe ni fupi. Vikombe sita hadi vinane vya robo lita kwa siku: anapoamka, na dawa, na kila chakula, saa nne, saa tisa. Chai, uji mwepesi, togwa isiyochacha, supu na juisi ya mabibo vyote vinahesabika. Jazeni jagi asubuhi, jioni mwone limebaki nini. Kumuuliza "bibi, una kiu?" hakusaidii, mpe kikombe mkononi, "bibi, pokea maji," na kaa naye mpaka anywe. Mwenye moyo au figo zilizodhoofika afuate kiasi alichopewa na daktari wake. Mwezi wa Ramadhani, mzee asiyeweza kufunga ameshapewa ruhusa na dini yake ya kula na kutoa fidia. Wanawe wasimtie haya.

Kwa asiyeinuka tena kitandani, wengi wameuliza kuhusu kidonda cha kulalia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, kiubavu, kiubavu cha pili, mgongo. Visigino vinyanyuliwe kwa mto chini ya mashavu ya miguu. Kata ya nguo, ile ya kubebea ndoo kichwani, msimkalishie: inabana damu kwenye mzunguko wake na kuivimbisha ngozi ya katikati. Msisugue palipogeuka pekundu. Msimwage unga wa kapsuli wala majivu kwenye jeraha. Osheni kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, funikeni, na aonwe zahanati.

Aliyechanganyikiwa ghafla, aliyeanguka na hakanyagi, au aliyelegea upande mmoja aende siku hiyohiyo hospitali ya Mnero, hospitali ya wilaya au kituo kilicho karibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo waliwekewa utaratibu wa matibabu bila malipo, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee. Dawa zake zote ziende kwenye mfuko mmoja, pamoja na ya kwenye gulio. Na wa kueleza awe aliyekuwa akilala naye nyumba moja, siyo aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, kwa sababu daktari ataanza kwa kuuliza ilianza lini na kama asubuhi huwa ana nafuu kuliko usiku.