Dishi la futi 6 likae uani, si juu ya bati

Mzazi, mvua zikianza Novemba, nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na Ileje husikia kilio kile kile: "Baba, picha imeganda!" Hiyo ni ishara dhaifu. Picha ya kidijitali haififii polepole kama ya zamani. Hukatika vipande vipande, kisha hupotea.

Wengi hukimbilia dishi kubwa, na si vibaya. Dishi la futi 6 lina eneo mara 4 ya lile la futi 3, hivyo hukusanya mawimbi mara 4 zaidi. Linahitajika hasa kwa chaneli za bendi ya C, ambayo haisumbuliwi sana na mvua kama bendi ya Ku ya madishi madogo. Ila chaneli za kulipia zitabaki za kulipia.

Tatizo ni mahali pa kuliweka. Wengi hudhani likipanda juu ya paa litashika vizuri zaidi. Setilaiti ziko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Mita 4 za nyumba yako haziongezi kitu. Songwe iko kusini ya ikweta, kwa hiyo dishi hutazama juu, upande wa kaskazini. Linachotaka ni anga wazi, bila mwembe wala ukuta mbele yake.

Basi lisimike uani. Nguzo iwe ya chuma, ndani ya zege, imenyooka kwa pima maji. Dishi kubwa hulenga sehemu nyembamba sana ya anga. Upepo ukilisogeza kidogo tu, chaneli zimekwenda. La wavu hupitisha upepo na maji. La bati zima hujaa maji kama sufuria, hivyo fundi alitoboe tundu chini. Lizungushie uzio, watoto wasilining'inie.

Mwambie fundi afunge pia waya wa kwenda ardhini. Radi ikikaribia, zima na uchomoe mapema umeme pamoja na waya wa dishi.

Faida kubwa ni hii: dishi likiwa chini, hakuna mtoto atakayetumwa kupanda bati lililolowa ili "ageuze kidogo". Mechi ikikatika, itarudiwa. Mtoto akianguka, hakuna marudio.