Kwa Nini Haondoki? Ukatili wa Kihisia na Nguvu ya Msaada wa Watu

Mtu aliyevunjika mguu hahitaji maelezo mengi. Bandeji huonekana, majirani humpisha njia, na hakuna amwulizaye kwa nini hakimbii. Mtu aliyeumizwa moyo na mwenzi wake kwa miaka kumi hana bandeji. Anaposhindwa kuondoka, watu husemezana kando: "Kama kweli anateswa, kwa nini haondoki?"

Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake ni udhaifu wa mtu mmoja. Uchunguzi wa kisaikolojia wa zaidi ya nusu karne unaonyesha vingine. Mtu huyo amefungwa na kamba zinazoelezeka, na aghalabu hawezi kuzifungua akiwa peke yake. Makala haya yanaeleza ukatili wa kihisia ni nini, unamfunga mtu kwa njia gani, na ni msaada wa namna gani unaomwezesha kujinasua.

Maana ya ukatili wa kihisia

Yafaa kwanza kutofautisha ugomvi na ukatili. Wenzi wanaoheshimiana huweza kutoleana maneno makali leo na kuombana radhi kesho. Kila mmoja hubaki huru kusema, kutembea na kuamua. Ukatili wa kihisia ni mwenendo unaorudiwa mara kwa mara, ambao kwa huo mmoja humtawala mwenzake. Vyombo vyake ni matusi, dharau, vitisho, kumnunia mwenzake siku nyingi kama adhabu, kumpekua simu na mkoba, kumnyima fedha, na kumtenga na ndugu na marafiki.

Jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 10. Tanzania ilikuwa mojawapo, na wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya walihojiwa. Waliulizwa kama mwenzi amewahi kuwatukana, kuwadhalilisha mbele ya watu, kuwatisha kwa makusudi, au kutishia kumwumiza yeye mhojiwa au mtu ampendaye. Katika maeneo mbalimbali ya utafiti, kati ya asilimia 20 na asilimia 75 ya wanawake walisema wamepatwa na jambo moja au zaidi kati ya hayo. Utafiti huo uliwahusu wanawake, lakini wako pia wanaume wanaopatwa na ukatili wa namna hii, na wengi wao huona haya kusema.

Kamba ya kwanza: wema wa kubahatisha

Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walitangaza matokeo ya majaribio mengi waliyoyafanya kwa njiwa. Njiwa alipodonoa kitufe alipewa punje. Ilidhihirika kwamba njiwa aliyezoea kupata punje kila adonoapo huacha upesi punje zinapokatizwa. Lakini njiwa aliyekuwa akizipata kwa kubahatisha, mara nyingi hapati na mara moja moja anapata, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana baada ya punje kukoma kabisa. Tuzo isiyotabirika hujenga mazoea magumu kuvunjika.

Binadamu si njiwa, lakini kanuni hii humgusa pia. Mwenzi anayetukana kwa wiki tatu, kisha wiki ya nne akaja na doti ya kitenge, akalia na kuahidi kubadilika, hutoa tuzo ya namna hiyohiyo. Anayeteswa hujifunza kungoja. Kila siku njema humfanya aamini kuwa mwenzi yule wa mwanzo amerudi.

Wataalamu Donald Dutton na Susan Painter waliuchunguza mfungamano huu nchini Kanada. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, waliwahoji wanawake 75 waliokuwa wamewaacha wenzi wao karibuni. 25 kati yao hawakuwahi kupigwa, bali waliteswa kwa njia za kihisia tu. Walihojiwa tena baada ya miezi 6. Ilionekana kwamba kupishana kwa wema na ukatili, pamoja na tofauti kubwa ya mamlaka kati ya wenzi, vilihusiana na nguvu ya mapenzi yaliyobaki hata baada ya kutengana. Kwa hiyo, anayeondoka akamlilia aliyemtesa si mnafiki wala mpumbavu. Yumo katika hali inayotarajiwa, na hali hiyo hupungua kadiri muda unavyopita.

Kamba ya pili: kuamini kwamba hakuna tendo linalofaa

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme ambao hawakuwa na njia ya kuuzuia, baadaye wengi wao hawakujaribu kuukimbia hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kifupi na kuokoka. Njia ilikuwapo, lakini hawakuitumia.

Baada ya miaka karibu 50, mwaka 2016, wataalamu haohao waliyapitia upya maelezo yao wakitumia ujuzi mpya wa ubongo. Walieleza kwamba kuzubaa mbele ya mateso ya muda mrefu ndiko kunakotokea kwenyewe. Kinachofundishwa ni kinyume chake: sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kwamba tendo la mtu linaweza kubadili hali yake, na ujuzi huo huituliza hofu.

Sahihisho hili lina maana kubwa kwa wasaidizi. Mtu ambaye kwa miaka mingi kila uamuzi wake umedhihakiwa, kuanzia chumvi ya mchuzi hadi nguo za watoto, hawezi kurudishiwa uwezo wake kwa amri ya mtu mwingine. Ndugu anayefoka, "Funga mizigo leo!" hata kama ana nia njema, anamwongezea mtawala wa pili. Uwezo hurudi kwa maamuzi madogo ambayo mtu ameyafanya mwenyewe, akaona yametimia.

Kamba ya tatu: upweke

Mtesaji hodari huanza kwa kukata mawasiliano. Dada wa mke huitwa mchochezi. Rafiki wa mume huitwa mlevi. Safari za nyumbani husitishwa. Hatimaye sauti moja tu husikika nyumbani, nayo husema, "Bila mimi wewe si kitu." Ikikosekana sauti ya pili ya kuipinga, maneno hayo huanza kuonekana kuwa kweli.

Upweke huo hugusa mwili pia. Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanawake 16 wenye ndoa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaambiwa kwamba huenda akapigwa na umeme kidogo mguuni. Alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi kwa nguvu. Aliposhikwa mkono na mtu asiyemjua, zilipungua kiasi. Aliposhikwa na mumewe zilipungua zaidi, hasa kwa wale waliokuwa na maelewano mema katika ndoa. Mkono wa mtu mwaminifu huubebea ubongo sehemu ya mzigo wake. Anayeteswa na mwenzi wake amepoteza mkono huo mahali alipoutegemea zaidi.

Msaada unavyofanya kazi

Ushahidi mzuri juu ya jambo hili ulichapishwa mwaka 1999 na Cris Sullivan na Deborah Bybee, kutoka jimbo la Michigan, Marekani. Wanawake 278 waliotoka katika nyumba ya hifadhi, ambao walikuwa wamepigwa na wenzi wao, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata wasaidizi; jingine halikupata. Wasaidizi hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa mafunzo. Kila mmoja alifuatana na mwanamke mmoja kwa saa 4 hadi 6 kwa wiki, kwa wiki 10, akimsaidia kupata kile ambacho mwanamke mwenyewe alisema anakihitaji: nyumba, kazi, shule ya watoto, mwanasheria. Baada ya miaka 2, karibu mwanamke 1 kati ya 4 wa kundi lililosaidiwa hakuwa amepigwa tena hata mara moja. Katika kundi jingine alikuwa takriban 1 kati ya 10. Wiki 10 za kufuatana na mtu zilizaa matunda ya miaka.

Mtaalamu James House, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aligawa msaada wa kijamii katika aina nne. Mgawanyo huo unafaa hapa.

1. Msaada wa kihisia: kumsikiliza mtu na kumwamini, bila kumhukumu wala kumharakisha.

2. Msaada wa vitendo: mahali pa kulala, nauli, kulea watoto kwa siku moja, kumtunzia vyeti.

3. Msaada wa taarifa: kumweleza sheria inasemaje, ofisi ipi inahusika, na aanzie wapi.

4. Msaada wa kumthibitishia: kumwambia kwamba anachokiona ni kweli, na kwamba hajarukwa na akili.

Ni nadra mtu mmoja kuweza yote manne. Shangazi anaweza kuwa na chumba lakini asijue sheria. Afisa anaweza kujua sheria lakini asiwe na muda wa kusikiliza kilio. Kwa hiyo anayejinasua ahimizwe kutafuta watu watatu au wanne, kila mmoja kwa kazi yake. Asiyeaminiwa na mtu wa kwanza aende kwa wa pili. Wapo watakaomjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini wahenga haohao walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuondoka kwa mpango

Mwenzi mwenye kutawala sana huweza kuwa hatari zaidi pale anapohisi kuwa anaachwa, hata kama hapo awali hakupiga. Utafiti uliofanywa katika miji 11 ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kutengana na mwenzi wa namna hiyo huongeza hatari ya mwanamke kuuawa. Hivyo siku ya kuondoka isitangazwe kwa hasira. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kitambulisho na fedha kidogo viwekwe kwa mtu mwaminifu mapema, na angalau mtu mmoja ajue siku na njia.

Kwa upande wa Tanzania, sheria haikulifumbia macho jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa kiakili, sawa na ule wa kimwili, miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa kawaida mgogoro hupelekwa kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa, kisha mahakamani. Wengi hubaki katika mateso wakiamini kwamba asiye na mshahara hutoka mikono mitupu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Wengine wa kuwaendea ni maafisa ustawi wa jamii na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi.

Mwanafunzi anayeyaona haya nyumbani kwao asijitwike kazi ya kuwapatanisha wazazi. Amweleze mwalimu anayemwamini, au apige simu ya watoto, namba 116. Mwalimu naye aisikilize na kuitunza siri hiyo, asiitoe ila kwa wale wanaopaswa kuchukua hatua.

Hitimisho

Wema wa kubahatisha humfanya mtu angoje, kutawaliwa humwondolea imani ya matendo yake, na upweke humwondolea mashahidi. Kamba hizi tatu hufunguka kwa mpangilio unaoeleweka: watu hurudi kwanza, maamuzi madogo hufuata, na kuondoka huja baadaye. Mtu akijaribu mara mbili au tatu kabla ya kufaulu, mlango wa msaidizi usifungwe. Badala ya kuuliza kwa nini haondoki, jamii na ijiulize: akiondoka usiku wa leo, atabisha hodi kwa nani?

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya ugomvi wa kawaida na ukatili wa kihisia, kwa kutoa mifano miwili.

2. Kwa nini njiwa aliyepata punje kwa kubahatisha alidonoa kwa muda mrefu zaidi? Kanuni hiyo inaelezaje tabia ya mcheza kamari?

3. Kwa nini watafiti wa Michigan waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu, badala ya kuwaacha wajichagulie kundi?

4. Taja aina nne za msaada, na kwa kila moja taja mtu au ofisi iliyopo katika kata yenu inayoweza kuutoa.