Kisukari kisichotulia kwa paka: Kuongeza insulini si suluhu ya kwanza

PAKA mwenye ugonjwa wa kisukari anayedungwa insulini mara mbili kwa siku hutarajiwa kuonyesha nafuu baada ya wiki chache. Kiu hupungua, mkojo hupungua, na mwili uliokuwa umekonda huanza kurejea.

Hata hivyo, wapo paka ambao hudungwa kwa miezi kadhaa bila kupata nafuu hiyo. Leo sukari katika damu yao iko juu, kesho hushuka ghafla, kisha hupanda tena. Hali hii huwachosha wenye paka na kuwamalizia pesa, na baadhi yao hukata tamaa na kuomba mnyama auawe kwa sindano ili asiendelee kuteseka.

Kabla ya kufika hapo, jambo ambalo wengi hukimbilia ni kuongeza dozi. Hatua hiyo huonekana ya busara, lakini madaktari wa mifugo huonya kuwa haifai kuwa ya kwanza. Sukari iliyopanda kiasi humdhuru paka polepole, ilhali ile iliyoshuka kupita kiasi inaweza kumuua kwa muda wa saa chache.

Ndiposa kisukari kisichotulia kinahitaji uchunguzi wa hatua kwa hatua, kuanzia mambo mepesi ya nyumbani hadi magonjwa yaliyojificha mwilini.

Chanzo cha ugonjwa

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia kwenye seli ili itumike kama nishati.

Paka wengi wenye kisukari huugua aina inayofanana na ile ya pili miongoni mwa binadamu. Kwanza mwili huwa sugu dhidi ya insulini, kisha kongosho hulemewa na kushindwa kutengeneza homoni ya kutosha. Walio katika hatari zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa na wale waliopita umri wa miaka saba.

Dalili kuu ni kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda ilhali mnyama anakula vizuri. Neva za miguu zikiathirika, paka huanza kukanyagia kisigino cha mguu wa nyuma badala ya kutembea kwa vidole kama ilivyo kawaida yake.

Usugu huo unaweza kupungua. Paka anayetibiwa mapema na kupunguza unene anaweza kufikia hali ya kutohitaji insulini tena kwa muda, na wengine kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, dozi iliyomfaa mwezi uliopita inaweza kuwa nyingi mno leo, na kupimwa mara kwa mara ni lazima.

Sirinji na kichupa

Kosa la kwanza la kutafutwa liko mikononi mwa anayedunga. Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti. Zilizotengenezewa wanyama, kama vile Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40 katika kila mililita. Glargine, ambayo hutengenezewa binadamu na hutumiwa sana kwa paka, huwa kwa kawaida na yuniti 100 katika kila mililita.

Kila aina ina sirinji yake. Mtu akivuta insulini ya yuniti 40 kwa sirinji ya yuniti 100, paka hupata chini ya nusu ya dozi aliyoandikiwa. Akifanya kinyume, hupata mara mbili na nusu ya dozi hiyo. Kwa mfano, paka anayestahili yuniti mbili hudungwa yuniti tano, na hilo linaweza kumtia hatarini siku hiyo hiyo.

Aidha, insulini huharibika kwa joto, kwa kugandishwa na kwa mwanga wa jua. Inafaa kuhifadhiwa katika jokofu kwenye nyuzijoto kati ya 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara, kichupa kinachoonekana kizima kinaweza kuwa kimeshapoteza nguvu. Pia kinaweza kuharibika kikitikiswa kwa nguvu kinyume cha maagizo ya mtengenezaji, au kikitumiwa baada ya muda wake kupita.

Wakati mwingine dawa humwagika kwenye manyoya badala ya kuingia chini ya ngozi. Anayedunga akiwa na shaka kama sindano imeingia, hapaswi kurudia. Kukosa dozi moja ni afadhali kuliko kudungwa mara mbili.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake umezoea protini, wala haukuumbwa kushughulikia wanga mwingi. Paka anayelishwa ugali, wali au mkate, au anayekula chakula kikavu chenye wanga mwingi mchana kutwa, huilazimu insulini kupambana na sukari inayoingia upya kila mara.

Chakula kinachopendekezwa huwa na protini nyingi na wanga kidogo, na aghalabu ni kile laini cha mkebe. Hata hivyo, lishe haifai kubadilishwa ghafla bila daktari kufahamishwa. Wanga ukipunguzwa ilhali insulini imebaki ile ile, sukari inaweza kuporomoka.

Paka mnene hupunguzwa uzani polepole. Kumnyima chakula kabisa ni hatari, kwani mafuta yanaweza kujaa katika ini lake na kulidhoofisha.

Kipimo kimoja hakitoshi

Sukari ya kawaida katika damu ya paka huwa takriban milimoli 4 hadi 9 kwa lita. Lakini paka aliyefungiwa ndani ya kikapu, akasafirishwa kwa gari na kushikwa na watu asiowajua, anaweza kupandisha sukari hata kuzidi milimoli 15 kwa sababu ya hofu tu. Daktari akiongeza dozi kwa kutegemea kipimo hicho pekee, huenda akawa anatibu woga badala ya kisukari.

Kwa hivyo, inashauriwa sukari ipimwe kila baada ya saa mbili kwa muda wa saa 12, ikiwezekana nyumbani. Tone la damu hupatikana kwa kudunga ukingo wa sikio. Vipimo hivyo huonyesha ni lini dawa huanza kufanya kazi, sukari hushuka hadi wapi, na nguvu ya dawa hudumu kwa muda gani.

Hapo ndipo mambo ambayo dozi kubwa haiwezi kuyatatua hujitokeza. Pengine insulini hiyo huisha nguvu baada ya saa nane, na kinachohitajika ni kubadilisha aina. Pengine sukari hushuka mno mchana na mwili ukajihami kwa kuipandisha usiku. Katika hali hii ya pili, tiba ni kupunguza dozi.

Kifaa kidogo cha FreeStyle Libre, ambacho kilitengenezewa binadamu na hubandikwa kwenye ngozi, hutumiwa pia kwa paka. Kinaweza kuonyesha mwenendo wa sukari kwa hadi siku 14, ingawa paka wengi hukibandua mapema. Mashine nyingi za kupimia za binadamu huonyesha kiwango cha chini kuliko kilivyo kwa paka, hivyo ni bora kutumia mashine ile ile kila mara na kumfahamisha daktari ni ya aina gani.

Vilevile, kuna kipimo cha maabara cha fruktosamini, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa takriban wiki mbili zilizopita. Hakipotoshwi na hofu ya siku moja.

Magonjwa yaliyojificha

Dawa ikiwa nzima, sindano sahihi na lishe imerekebishwa lakini sukari haitulii, daktari hugeukia mwili wenyewe. Meno yaliyooza, maambukizi katika njia ya mkojo, uvimbe wa kongosho, matatizo ya figo na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, yote yanaweza kuizuia insulini.

Mwenye paka pia huulizwa iwapo mnyama anapewa dawa nyingine. Dawa za steroidi, zinazotumiwa kutibu mwasho wa ngozi au pumu, hupandisha sukari. Sindano moja ya steroidi ya muda mrefu inaweza kuvuruga matibabu kwa wiki kadhaa.

Ugonjwa ambao zamani ulidhaniwa kuwa nadra ni akromegali. Uvimbe katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi na kuufanya mwili kuwa sugu dhidi ya insulini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ulioshirikisha wataalamu wa chuo cha Royal Veterinary College cha London, ulipima damu ya paka 1,221 wenye kisukari nchini Uingereza. Takriban asilimia 26 walikuwa na kiwango cha juu sana cha IGF-1, homoni inayoashiria ugonjwa huo. Wengi hawakuwa na umbo lolote la ajabu.

Dokezo moja muhimu ni uzani. Paka ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa hukonda. Akiongezeka uzani ilhali sukari iko juu, daktari anapaswa kushuku akromegali. Tiba ni pamoja na upasuaji wa kuondoa tezi hiyo au mionzi. Mahali huduma hizo hazipatikani, insulini huongezwa kwa uangalifu. Hapa ndipo dozi kubwa huwa na sababu ya haki, kwa kuwa chanzo kimeshajulikana.

Dozi huongezwaje?

Paka wengi huanzishiwa yuniti moja kila baada ya saa 12. Ikibidi kuongeza, hatua huwa ndogo, nusu yuniti hivi, na mwili hupewa siku tano hadi saba kuizoea kabla ya badiliko jingine. Mwenda pole hajikwai.

Dozi ikizidi takriban yuniti 1.5 kwa kila kilo ya uzani bila mafanikio, hiyo ni ishara kuwa kuna kitu kinachoizuia insulini. Kwa paka wa kilo tano, kiwango hicho ni zaidi ya yuniti saba kwa kila sindano.

Dalili za hatari

Sukari ikishuka mno, paka hulegea, huyumbayumba, hutetemeka na hatimaye anaweza kupatwa na kifafa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, alishwe mara moja. Asipoweza kula, apakwe asali au glukosi kwenye ufizi, kisha apelekwe kwa daktari bila kuchelewa hata akionekana amepona. Paka anayetukutika asimiminiwe kitu kinywani, kwani anaweza kusakamwa au kumng'ata anayemsaidia.

Kwa upande mwingine, paka mwenye sukari ya juu anayeacha kula, anayetapika na kulegea huenda damu yake imejaa asidi inayotokana na mwili kuchoma mafuta. Hiyo pia ni dharura, na haitibiwi nyumbani kwa kuongeza sindano. Paka akikataa chakula au akitapika kabla ya kudungwa, daktari apigiwe simu kwanza kabla ya dozi ya kawaida kutolewa.

Dawa za kumeza

Mwaka 2022, mamlaka ya kusimamia dawa nchini Marekani iliidhinisha Bexacat, kidonge cha kutibu kisukari cha paka, na mwaka 2023 ikaidhinisha Senvelgo, dawa ya maji. Zote huifanya sukari itoke mwilini kupitia mkojo.

Lakini dawa hizo si njia ya mkato kwa paka aliyeshindikana. Katika idhini hiyo, hazikukusudiwa paka ambao tayari wametibiwa kwa insulini, kwa sababu zinaweza kusababisha asidi katika damu hata sukari inapoonekana kuwa ya kawaida.

Chombo cha thamani zaidi kwa mwenye paka ni daftari. Saa ya sindano, dozi, chakula, maji anayokunywa, uzani wa kila wiki na vipimo vya sukari vikiandikwa, daktari huweza kuona mahali tatizo lilipo. Pia lengo halifai kuwa sukari ya kawaida kila saa. Paka anayekula vizuri, asiye na kiu ya kupindukia, mwenye uzani uliotulia na asiyeshukiwa na sukari ghafla, ametibiwa vyema hata kama tarakimu zake si kamilifu.